Kwa Mnunuzi, Kabla Hajatoa Pesa

Kweyu, umetoka Mumias na bahasha mfukoni.
Nimeiona imetuna. Usiitoe kwanza.
Keti. Sio hicho, kile chenye miguu minne.
Umeniuliza kama inafaa kwa kila siku.
Kila siku ya nani?

Yangu huanza saa kumi na moja, simu ikilia:
"Daktari, amewapanda wenzake usiku kucha,
ute unaning'inia kama uzi!"
Mimi si daktari. Mimi hupandisha ng'ombe kwa mrija,
mbegu za mafahali ambao hatujawahi kuonana
zikiwa zimelala ndani ya mtungi wa naitrojeni.
Na ng'ombe mwenye joto hamngoji mtu amalize chai.
Basi nikasema, nitanunua kitu chenye mbio.

Ndiyo hii. Mipigo miwili, sisi mia mbili na hamsini,
nyekundu kama pilipili iliyokusudia ubaya.
Usukani uko chini, unaendesha umeinama
kama mtu anayetafuta shilingi iliyomdondoka.
Chini ya mizunguko elfu sita ni punda aliyefiwa:
unamwambia twende, anakutazama.
Ikipita elfu sita,
ah.
Kati ya Malava na Webuye, asubuhi, lami kavu,
msitu wa kulia na wa kushoto ukawa msitu mmoja,
na mgongo wangu wa miaka hamsini na mbili
ukasahau umri wake.

Lakini Shinyalu hakuna elfu sita.
Shinyalu kuna utelezi, kuna kuku, kuna geti, kisha geti.
Simama, washa, simama, plagi imelowa.
Natembea na plagi tatu mfuko mmoja na glavu.
Lita ya petroli, vifuniko vitano vya oili,
kifuniko cha chupa hii hapa, si kingine.
Ukisahau siku moja tu, pistoni hung'ang'ania ukuta
na gurudumu la nyuma hufika mwisho wa safari
wewe ukiwa bado njiani.

Mimi nilisahau. Ilikuwa Ilesi.
Nilibeba mtungi begani saa mbili na nusu
hadi kwa Khasandi, aliyekuwa na mtamba mmoja tu,
aliyekuwa ameshachagua jina la ndama.
Alinimiminia chai isiyo na sukari.
"Daktari," akasema, "fahali wa jirani alikuja kwa miguu."

Ndama yule sasa ana pembe.
Nikipita hunitazama, na mimi hutazama pengine.

Fundi Shitsama alisubiri pistoni wiki sita.
Akaniambia dawa ya pikipiki hii ni kuipenda.
Nikamwuliza kupenda ni bei gani;
akaandika juu ya boksi la plagi: elfu kumi na nne,
bila kazi ya mikono.

Siku hizi naenda na ile ya kijivu pale ukutani.
Hunywa petroli kama kuku anywavyo maji,
tone, kisha anatazama juu.
Inabeba mtungi, mimi, na gunia la dairimili.
Inafika. Kila siku inafika.
Hakuna mtoto aliyewahi kukimbia hadi ua kuiona.

Kwa hiyo jibu ni hapana, haifai.
Nimelisema mchana, shahidi ni mbwa huyu.
Mkeo asije hapa na maneno.

Unataka kuisikia tu?
Sogea. Huwa inakataa teke la kwanza,
na la pili, na la tatu ni la matusi.
La nne...
Usijali moshi, jirani hukohoa kwa makusudi.
Mbwa ameingia chini ya ghala.
Tazama mshale: tatu. Nne. Weka kiganja hapa kwenye tangi.
Tano.
Rudisha bahasha, Kweyu, una haraka gani?
Hatujafika elfu sita.